Mwacheni Mkimbizi Apige Picha ya Ndege

Vijana wenzangu wa Nakivale, na nyinyi wa kambi zingine mnaotusoma, leo naandika na hasira kidogo. Msiogope, ni hasira yenye adabu.

Naandika juu ya ndege wa maji: korongo taji, bata wa Misri, yangeyange, mdiria, na wengine wote wanaoamka kwenye ziwa letu kabla sisi hatujawasha moto wa chai. Naandika juu ya sisi wenye simu za kioo kilichopasuka, tunaotaka kuwapiga picha jua likitoka au mvua ikikaribia. Na naandika kupinga wazo moja ambalo limetuingia kichwani mpaka tunalisema wenyewe bila kuambiwa: eti mkimbizi akishika kamera, kazi yake ni kupiga picha ya shida. Vumbi, dumu, foleni, mtoto analia. Ukipiga kitu kingine, umejisahau, unajifanya mtalii.

Nasema hapana. Wazo hilo ni la uongo na linatudhuru. Halafu nitasema kitu cha pili ambacho kitawauma baadhi yetu: kama tunakataa watu wasidanganye juu ya sura zetu, na sisi hatuna ruhusa ya kudanganya juu ya ndege. Mambo haya mawili yanaenda pamoja. Someni mpaka mwisho kabla hamjanijibu.

"Haionyeshi maisha ya mkimbizi"

Shirika moja lilikuja kutupa mafunzo ya picha kwa simu. Siku tano, chapati na soda, mwisho cheti. Sina ubaya na mafunzo, tulijifunza vitu. Siku ya mwisho kila mmoja alete picha moja ya kuonyesha watu wa nje. Dada yetu mmoja alileta korongo taji wawili. Wamesimama kwenye majani mafupi karibu na maji, asubuhi, nyuma yao wingu la mvua jeusi kama chini ya sufuria, na jua linatoka nyuma ya mgongo wa dada mwenyewe, kwa hiyo wale ndege wanawaka. Taji la manjano, shavu jeupe, kile kifuko chekundu cha shingoni, vyote vinaonekana. Watu waliopita mlangoni walisimama kuangalia.

Mwalimu akasema: "Nzuri sana, ila haionyeshi maisha ya mkimbizi." Iliyochaguliwa ilikuwa picha ya mtoto mwenye kamasi puani, amekaa juu ya dumu la njano.

Sasa mimi nauliza. Huyo dada anaishi wapi? Anaishi hapa hapa. Alitoka nyumbani kwake gizani na kandambili miguuni, akatembea mpaka ziwani, akasubiri, akapiga, akarudi kuchemsha uji wa wadogo zake. Kama asubuhi hiyo si maisha ya mkimbizi, ni maisha ya nani? Nani mwingine aliiishi?

Tatizo ni kwamba kwa watu wengi neno "mkimbizi" limeacha kuwa mtu, limekuwa hali. Wanataka picha ya hali. Picha ya dumu inaonyesha kitu tunachokosa, na hicho wanakijua tayari, wamekiandika kwenye ripoti hata kabla ya kufika. Picha ya korongo inaonyesha kwamba kuna mtu nyuma ya simu ambaye anaona, anasubiri, anachagua. Mtu wa namna hiyo anaweza kesho kukuuliza swali gumu kwenye mkutano. Ndiyo maana anasumbua.

Na yule mtoto wa dumu? Hakuulizwa. Mama yake hakuulizwa. Leo sura yake inatembea kwenye makaratasi ya watu ambao hawajui jina lake.

"Wewe, utakula picha?"

Hili swali halitoki kwa wageni. Linatoka kwa baba zetu na mama zetu, na kwa hiyo nalijibu kwa magoti chini.

Ni kweli, hatutakula picha. Mgao wa chakula umepunguzwa tangu mwaka 2023, kuna nyumba zilizoondolewa kabisa, na kila mtu hapa anajua jirani yake anapika mara ngapi kwa siku. Mimi sitawadanganya kwamba picha ya ndege italeta pesa. Kuna vijana wanawaambia wazazi, "Mama subiri, watalii watakuja, nitauza picha." Jamani, acheni hiyo. Inaweza kutokea kwa mmoja, haitatokea kwa mia. Mtu asinunue bando la kuposti kwa pesa ya unga. Kama shamba linangoja, nenda shambani, ndege atakuwepo jioni.

Lakini wazazi wangu, na nyinyi mniambie. Mama anapopalilia maharage anaimba. Nani amewahi kumuuliza kama atakula wimbo? Baba anatembea kilomita tatu kwenda kuangalia mpira wa timu za Uingereza kwenye banda la video, analipa, anarudi usiku anabishana njiani. Nani anamuuliza kama atakula bao? Tunaelewa wote kwamba mtu haishi kwa posho na maharage peke yake. Mbona kijana akiangalia bata dakika ishirini tunasema amechanganyikiwa?

Tena nyinyi wazee ndio mlitufundisha ndege. Korongo taji ni nani kama si umusambi wa hadithi zenu za jioni, nyinyi wa Kinyarwanda na wa Kirundi? Jirani zetu Wanyankole wanamwita entuuha. Waganda wanamwita ngaali. Huyo huyo mmoja amesimama kwenye bendera ya Uganda tangu mwaka 1962, mguu mmoja juu, na wanasema mguu ule ni ishara ya kwenda mbele. Ndege mmoja, ukingo mmoja wa ziwa, majina manne na zaidi. Hakuna mkutano wa amani uliotuweka pamoja vizuri namna hiyo. Picha yake ukiileta nyumbani, bibi atakuambia kitu ambacho alikuwa hajakisema tangu mlipovuka mpaka. Jaribu utaona.

"Hiyo ni kazi ya wenye lenzi kubwa"

Wengine wanasema ndege ni mambo ya watalii wa Ziwa Mburo, wenye gari la juu, kofia ya kijani na kamera yenye mdomo mrefu kuliko mkono. Hifadhi ya Ziwa Mburo si mbali na sisi. Wanalipa kiingilio, wanaingia, wanapiga picha, wanaondoka. Sisi tuko upande huu, bila kiingilio na bila kamera.

Lakini maji hayajui geti. Ziwa Mburo na Ziwa Nakivale ni mfumo mmoja wa vinamasi na maziwa. Mwaka 2006 mfumo huo mzima, Mburo–Nakivali, uliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar. Mkataba wenyewe ulisainiwa mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, Iran, na Uganda iko ndani tangu mwaka 1988. Jina lake refu linasema unalinda ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, hasa kama makao ya ndege wa maji. Yaani dunia ilikaa ikaandika kwenye karatasi kwamba mahali unapochota maji na dumu lako ni mahali pa maana, na sababu ya kwanza waliyoitaja ni ndege. Halafu mtu anakuambia ndege si mambo yako!

Kuhusu vifaa, nawapa hadithi ya kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1800, huko Uingereza, ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walianza kupiga picha za ndege porini wakati karibu hakuna mtu anafanya hivyo. Kamera za wakati ule zilikuwa masanduku mazito yenye sahani za kioo ndani. Hawakuwa na lenzi za leo. Walifanya nini? Walitengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi ya ng'ombe wa kweli, mpiga picha akaingia tumboni, akasubiri humo ndani mpaka ndege wakamzoea. Ngozi ya ng'ombe, ndugu zangu! Sisi tunaishi katikati ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe kama mlango wa kanisa, ndege wanatembea kati ya miguu yao kila asubuhi bila kuogopa, na bado tunalia kwamba hatuna vifaa.

Lenzi ndefu inauzwa dukani. Mwanga hauuzwi. Hapo ndipo simu ya bei ndogo na kamera ya bei ya shamba zinakutana zikiwa sawa, au karibu sawa. Acha nieleze, kwa sababu hapa ndipo utamu wenyewe ulipo.

Mwanga wetu

Sisi tuko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Katika nchi za kaskazini jua la majira ya baridi linatembea chini chini siku nzima, kwa hiyo mpiga picha wa huko ana mwanga wa kulala saa nyingi. Kwetu jua linapanda wima kama mtu anapanda ngazi. Linatoka karibu saa moja asubuhi. Ndani ya saa moja limeshapanda nyuzi kama kumi na tano, ndani ya saa mbili nyuzi thelathini, na saa nne asubuhi mwanga umekuwa mkali, mweupe, kivuli kinaingia chini ya tumbo la ndege na rangi zinakufa. Kwa hiyo dhahabu yetu ni fupi: nusu saa, labda dakika arobaini na tano. Jioni vilevile, kabla ya saa moja.

Nani yuko karibu na maji katika hiyo nusu saa? Mtalii bado anakunywa kahawa hotelini. Mvuvi yuko, na wewe uko. Huu ndio utajiri wetu na tunaulalia.

Halafu kuna majira. Kiangazi cha mwezi wa sita mpaka wa nane hewa inajaa vumbi na moshi, jua linatua jekundu, na hapo mwari au korongo akipita mbele yake unapata kivuli cheusi kwenye moto. Wakati wa mvua, mwezi wa tatu mpaka wa tano na wa tisa mpaka wa kumi na moja, kuna dakika chache kabla ya mvua kushuka ambapo upande mmoja wa mbingu umekuwa mweusi na upande wa pili jua bado liko wazi. Simama jua likiwa mgongoni kwako na wingu likiwa mbele. Yangeyange mmoja akiruka hapo, mweupe kwenye weusi, hutahitaji kumweleza mtu kitu. Ndiyo ile picha ya dada yetu.

Simu inataka usaidizi kidogo. Ikiona kitu cheupe sana kwenye giza, inajaribu kuangaza kila kitu, na yangeyange anageuka karatasi, manyoya hayaonekani. Gusa ndege kwenye kioo, kitatokea kialama cha jua, kivute chini mpaka manyoya yarudi. Futa lenzi na kitambaa safi, maana nusu ya picha zetu "mbaya" ni mafuta ya vidole. Usivute kwa vidole kumleta ndege karibu, simu inakata tu picha na kuikuza. Afadhali umwache mdogo ndani ya mwanga mkubwa. Chuchumaa, simu iwe karibu na usawa wa maji, utaona bata anakuwa mfalme. Na waulize wavuvi sehemu gani si salama gizani. Hao wanalijua ziwa kuliko sisi.

Sasa sikilizeni hii, kwa sababu hoja yangu yote imekaa hapa. Kuna kale kadogo ka bluu kanakosimama kwenye tete na kuingia majini kama jiwe. Kiswahili cha pwani kinamwita mdiria. Mdomo mwekundu, kifua cha rangi ya chungwa, mgongo wa bluu ambayo hujaiona hata kwenye kitenge. Ile chungwa ni rangi ya kweli ndani ya unyoya. Ile bluu siyo. Ndani ya unyoya wa bluu hakuna rangi ya bluu. Kuna vijengo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinavyorudisha sehemu ya bluu ya mwanga na kuacha nyingine. Ukiusaga unyoya ule, bluu inapotea, unabaki na unga wa kahawia. Na bata wa Misri ana kipande cha kijani kwenye bawa kinachong'aa kama mafuta juu ya maji. Ukisogea hatua mbili kinakuwa cheusi. Ukirudi, kinawaka tena.

Maana yake ni kwamba rangi hiyo inazaliwa pale mwanga, unyoya na jicho lako vinapokutana, dakika ile, mahali pale. Ukiwa haupo hujaiona. Hakuna mtu atakayekuletea.

Sasa tugeuke tujiangalie

Ndiyo maana nakasirika nikiona tunavyofanya baadhi yetu. Hapa sisemi na mashirika wala na wazazi. Nasema na sisi.

Kuna wenzetu wanampiga mdiria saa sita mchana, picha imekufa, halafu wanaingia kwenye programu wanavuta rangi mpaka mwisho. Mdiria anatoka bluu ya jagi la plastiki. Anga zambarau. Maji kijani kama soda. Wanaweka na jua la pili ambalo halikuwepo. Laiki mia mbili. Kaka yangu, umefanya nini? Umechukua ndege ambaye bluu yake ni mwanga wa kweli, ukampaka rangi ya bandia juu yake. Yule wa dumu alifanya nini tofauti? Na yeye alichukua kitu cha kweli, akakipaka huzuni mpaka kikafanana na alichotaka kuuza. Filta ya huzuni na filta ya rangi ni ndugu.

Sisemi usirekebishe kabisa. Kupunguza mwanga, kunyoosha picha iliyolala, kukata pembeni, hiyo ni kufuta lenzi kwa njia nyingine. Jiulize tu: mvuvi aliyekuwa pale asubuhi ile akiiona, atasema "ndiyo, ilikuwa hivyo," au atacheka?

Kuna wenzetu wanachukua picha za intaneti, flamingo wa nchi nyingine, bata wa Asia wa rangi saba, wanaandika "Nakivale yetu". Huo ni wizi, na ni ujinga pia, kwa sababu unamwambia mtu kwamba wa kwetu hawatoshi. Sile-maua, yule wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi kama anatembea juu ya maji, ana ngao ya bluu kwenye paji la uso, na dume ndiye anayelalia mayai, halafu anabeba watoto chini ya mabawa, miguu yao inaning'inia nje. Huyo haitoshi? Unamhitaji flamingo wa nini?

Na kuna kibaya zaidi. Kuna wanaorusha mawe. Wanataka picha ya ndege wakiruka wote pamoja mbele ya jua, basi mmoja anashika simu, mwingine anatupa jiwe. Kuna wanaoingia kwenye majani mpaka kwenye kiota, kuwatafuta watoto wa korongo. Korongo taji anataga mayai mawili, matatu. Ukimwondoa kwenye kiota, jua linapiga mayai, kunguru anakuja, na mwaka wake umekwisha. Tangu 2012 ndege huyu amewekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, na sababu zinajulikana: vinamasi vinakauka na kulimwa, watu wanamkamata kumfuga au kumuuza, sumu. Tusiongeze simu kwenye hiyo orodha.

Tena, wewe mkimbizi, wewe unajua ni nini kufukuzwa usiku kutoka mahali ulipolala na watoto wako. Sisemi zaidi. Picha inayopatikana kwa kumtimua kiumbe nyumbani kwake, sisi ndio wa mwisho duniani kuipiga.

Kwa nini ni jambo la haraka

Mtu ataniambia, sawa, lakini kwa nini unapandisha sauti hivi kwa ajili ya bata?

Kwa sababu ziwa linabadilika mbele ya macho yetu. Matete yanakatwa, moto unawashwa, bustani zinaingia mpaka kwenye maji. Sheria ya Uganda inalinda kingo za maziwa, na bado inatokea. Na kila mara lawama inatafuta mtu wa karibu: "Ni wakimbizi, wanamaliza kila kitu." Wakati mwingine ni kweli, tusifichane, njaa inapeleka jembe mahali pasiporuhusiwa. Wakati mwingine ni wenyeji. Wakati mwingine ni mwenye pesa ambaye hajawahi kulala hapa hata usiku mmoja. Nani atajua? Anayejua ni mwenye picha.

Chukua mfano. Vijana kumi, kuanzia Juru mpaka Rubondo, kila mmoja achague sehemu moja ya ziwa au ya kinamasi. Kila mwezi asimame palepale, asubuhi ileile, apige ndege waliopo na majani yaliyopo. Baada ya miaka mitatu tutakuwa na kitu ambacho hakuna ofisi inaweza kukipuuza kwa urahisi: tarehe, mahali, ndege wangapi, matete yameishia wapi. Tukiwa tumekosea sisi, itaonekana, na tutarekebisha. Tukiwa tunasingiziwa, itaonekana pia. Lakini kama nusu ya picha hizo zina anga la zambarau, nani atatuamini kwenye ile nusu nyingine? Umeona sasa kwa nini nilisema mambo haya mawili yanaenda pamoja?

Kuna na sababu nyingine, ndogo kwa sauti lakini nzito. Kambi hii ipo tangu mwisho wa miaka ya 1950. Kuna watu wamezaliwa hapa, wameoa hapa, wamezikwa hapa. Kuna wenzetu wataitwa, watapanda ndege ile nyingine ya chuma, waende Marekani, Kanada, Australia. Wengine watarudi Kivu siku moja, Mungu akipenda. Mtoto wao atauliza, "Mama, mlipokuwa Nakivale kulikuwaje?" Ataingia kwenye mtandao kutafuta. Atakuta nini? Dumu, vumbi, foleni, na mtoto mwenye kamasi ambaye labda ni yeye mwenyewe. Mimi nataka akute pia korongo wawili chini ya wingu jeusi, saa moja na dakika kumi asubuhi, walivyosimama siku ile. Ajue kwamba mama yake aliishi mahali penye shida na alikuwa na macho.

Mtaniuliza: kwa hiyo tusipige tena picha za shida? Nani amesema? Foleni ikiwa ndefu, ipige. Kisima kikiwa kimekufa mwezi wa tatu sasa, kipige, andika tarehe, ipeleke kwa wahusika. Shida yetu ni yetu na tunayo haki ya kuionyesha wenyewe. Ila uliza mwenye sura kwanza. Ninachokataa ni mtu mwingine kuniambia kwamba hiyo tu ndiyo yangu.

Basi naomba vitu vinne tu, na anayepinga apinge kwa hoja.

Moja: picha ya ndege tunayoweka kwenye kundi letu iwe ya hapa, uliyopiga mwenyewe, na chini yake andika tarehe, saa na sehemu.

Mbili: andika jina la ndege kwa lugha ya nyumbani kwenu. Hujui? Uliza mzee. Kama ni kiota, usitaje mahali.

Tatu: hakuna jiwe, hakuna kuingia kwenye kiota, hakuna anga la bandia. Tukiona, tunaitoa, hata kama ni ya rafiki.

Nne: mafunzo mengine yakija na mtu akisema picha yako haionyeshi maisha ya mkimbizi, usikunje simu yako mfukoni kwa aibu kama alivyofanya dada yetu. Muulize kwa heshima: "Mwalimu, wewe asubuhi ya leo saa moja ulikuwa wapi?"